Nta Chini ya Kopo la Nungu

Mtoto wako akikaa kwa mtu mwingine muda mrefu, halafu siku ya kurudi akaja amekumbatia kitu, kile kitu, mama mwenzangu, usikiguse. Kiwe mdoli, kiwe paka, kiwe chupa tupu. Kiache pale pale alipokiweka. Hata kikikukaa kooni kama mwiba wa samaki, meza mate unyamaze. Mimi nilikigusa. Nitaeleza nilivyokigusa, na sitampaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa.

Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule. Nyumba yangu ni vyumba viwili. Cha mbele kina cherehani, meza ya kukatia na dirisha. Cha nyuma tunalala. Mwanangu ni mmoja tu, wa kike, ana miaka kumi na mmoja. Nyumbani tunamwita Chiriku, kwa sababu alianza kusema kabla ya kutembea, na tangu hapo mdomo haukufungwa. Baba yake ni dereva wa lori la masafa marefu. Akija nyumbani, mbwa wa jirani wanambwekea kama mgeni.

Mwaka juzi niliugua kifua. Daktari akasema ni kifua kikuu, dawa miezi sita, na mwanzoni mtoto asilale nami chumba kimoja. Vyumba nilikuwa navyo viwili, lakini hofu niliyokuwa nayo ilikuwa ya nyumba nzima. Nikampigia simu mdogo wangu.

"Nichukulie mtoto," nikamwambia. "Akibaki hapa nitamuua."

Nilimwomba mwenyewe, kwa mdomo wangu. Shika hapo, maana huko mbele utanisikia namsema kama mwizi.

Mdogo wangu hana mtoto. Anafanya kazi kwenye kitalu cha miche na maua. Mimi shule niliishia ya msingi, yeye alisonga mbele, na tangu utotoni kila kilichokuwa changu kikifika kwake kinapendeza zaidi. Gauni langu kuukuu likimfika yeye, watu wanauliza limetoka duka gani. Basi na mtoto ikawa hivyo hivyo. Kila nikipiga simu nasikia Chiriku anacheka huko nyuma, na mimi huku nahesabu vidonge.

Miezi sita ikaisha, vipimo vikasema nimepona. Sikuviamini. Nikasema asubiri kidogo. Kidogo ikawa mwaka na nusu.

Siku aliyorudi, alisimama mlangoni amerefuka, mguu umetoka nje ya sketi, mikononi ana kopo la maziwa ya unga lililopakwa rangi ya njano. Ndani ya kopo mchanga na kokoto, na katikati ya mchanga kitu cha kijani, mviringo, kikubwa kama chungwa, kimejaa miiba. Ni kakati, ile mimea ya jangwani.

"Anaitwa Nungu," akasema.

"Nani?"

"Huyu. Shikamoo, Mama."

Yaani nilitambulishwa kwa mmea kabla sijaamkiwa! Nilitaka kumkumbatia, lakini kifua changu nilikuwa bado nakiogopa, nikamnyooshea mkono kwa mbali kama nasalimiana na mwenyekiti wa mtaa. Akaushika kwa vidole viwili. Mkono mwingine haukuliachia kopo.

Akaliweka dirishani, juu ya meza yangu ya kukatia, akaanza kunisomea sheria.

"Mama mdogo amesema akae kwenye mwanga wa asubuhi. Mama mdogo amesema maji mara moja kwa wiki tatu, kikombe cha kahawa, siyo zaidi. Mama mdogo amesema kabla ya kumtia maji uchomeke njiti ya kiberiti kwenye mchanga. Ikitoka safi, amekauka. Ikitoka na mchanga umeganda, mwache."

"Na Mama mkubwa anaruhusiwa kusema?" nikauliza. Nilidhani ni mzaha. Hakucheka.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba Chiriku wangu amenyamaza. Kwangu anajibu, lakini hasemi. Ndiyo Mama. Hapana Mama. Nimeshiba Mama. Sahani yake nilikuwa nimeitenga, kikombe chake nimekitenga, akinisogelea nageuza uso pembeni nisimpulizie. Akitaka kuniambia jambo cherehani kinanguruma, namwambia subiri nimalizie mshono huu. Mshono hauishi, sare ni nyingi, naye anaondoka. Lakini mara namwona amesimama dirishani, kidevu juu ya meza, midomo inacheza. Anamwambia Nungu. Anampangusa vumbi kwa brashi ndogo ya rangi, mwiba kwa mwiba, na anamsimulia, na mimi kwa kelele za cherehani sisikii hata neno. Nikisimamisha gurudumu nisikilize, naye ananyamaza.

Mlango wa pili kwetu kuna msusi. Anasukia barazani, na jicho lake huwa limo ndani ya nyumba yangu kuliko kwenye kichwa cha mteja.

"Shoga," akaniambia siku moja, kitana mdomoni, "hongera, umeletewa mke mwenza."

"Mke mwenza gani?"

"Si huyo dirishani, mwenye sindano. Tena umepata bahati. Hali, halali, hagombani, na anapendwa kuliko wewe."

Mteja aliyekuwa anasukwa akacheka mpaka kichwa kikamponyoka msusi. Nami nikacheka. Kicheko cha kuonyesha meno tu, maana lile neno liliingia likaketi.

Siku nyingine nilitaka kutandaza kitambaa, nikalisogeza kopo kwa haraka. Miiba mitatu ikazama kidoleni. Nikapiga yowe. Chiriku akatoka chumba cha nyuma mbio.

"Umemvunja?"

Umemvunja! Alimzunguka yule mdudu wake kwanza, akahesabu miiba, ndipo akageuka akaona damu yangu. Akanyoosha mkono anitoe miiba.

"Usiniguse," nikasema. "Damu hiyo."

Akaurudisha mkono wake taratibu, akauweka nyuma ya mgongo. Nikajitoa miiba mwenyewe kwa kibano, na moyoni nasema: unaona? Mmea umeulizwa hali, mimi sijaulizwa. Hivyo ndivyo wivu unavyofanya hesabu. Aliyeninyooshea mkono nilimsahau hapo hapo, nikabaki na yule aliyeangalia miiba kwanza.

Lakini kilichonimaliza ni simu. Ilikuwa Jumapili, mchana. Nipo kwenye cherehani, yeye yuko chumba cha nyuma anaongea na mdogo wangu. Anacheka kile kicheko, kile cha zamani. Halafu akasema:

"Mama mdogo, shule zikifungwa nikija, naweza kubaki moja kwa moja? Nisome huko huko?"

Mguu wangu ukaganda kwenye kanyagio. Chiriku alisikia cherehani kimenyamaza, akashusha sauti, na jibu sikulisikia. Nilibaki nimeshika sketi ya mtoto wa mtu, naitazama.

Ungekuwa wewe ungemwita, ungemuuliza, mwanangu, una nini? Mimi sikumuuliza. Niliogopa jibu. Nikatafuta wa kumwadhibu ambaye hawezi kunijibu.

Kesho yake asubuhi, Chiriku alipotoka kwenda shule, nilichukua kikombe. Siyo cha kahawa, kile cha chai, kikubwa. Nikakijaza maji, nikaenda dirishani.

"Una kiu, mgeni?" nikamwambia. "Kunywa."

Nataka uelewe ujanja wa roho mbaya. Sikumwaga chumvi. Sikumwaga sabuni wala mafuta ya taa. Nilitoa maji tu, na maji ni uhai, nani atakulaumu kwa kutoa maji? Nilijiambia ni huruma, mmea unakauka. Huku nazijua sheria zote, nilikuwa nimesomewa kama shairi.

Maji yakapita kwenye mchanga, yakatokea chini. Mdogo wangu alikuwa amelitoboa kopo matundu matatu kwa msumari, na maji yakachuruzika mezani, yakalowesha kitambaa cha bluu cha sare. Nikalipindua kopo kidogo. Kwenye droo yangu huwa kuna bonge la nta ya nyuki, ya kupaka uzi wa kushonea vifungo usikatike. Nikamega, nikaiviringisha kwa vidole, nikaziba. Tundu la kwanza, la pili, la tatu. Mtu akiniuliza, nina jibu: maji yaliharibu kitambaa cha mteja. Jibu nililitayarisha kabla ya swali. Nikafuta meza vizuri. Juu ya mchanga nikanyunyiza mchanga mkavu mkono mmoja, njiti ikichomekwa kidogo isiseme kitu.

Kila asubuhi kikombe, au kiasi kopo lilichokubali, na mchanga mkavu juu yake. Asubuhi ya kwanza nilichungulia mlangoni kwanza. Ya nne sikuchungulia.

Na sikia mambo: Nungu akanawiri! Wiki ya kwanza alijaa, akang'aa, ngozi ikamkaza kama mtoto aliyenyonya. Chiriku akawa anarukaruka.

"Mama, njoo uone! Amenenepa!"

Ilikuwa mara ya kwanza tangu arudi kuniita nione kitu. Nikaenda, nikainama karibu naye, mabega yetu yakagusana. Akanionyesha jinsi mistari ya tumbo la Nungu ilivyofunguka. Ningeweza kuacha siku hiyo. Mwanangu alikuwa ameniita mwenyewe. Lakini akaongeza, "Ngoja nimpigie Mama mdogo nimwambie," na kesho yake kikombe kilirudi.

Wiki ya tatu Nungu akaanza kuinama. Chini akawa na rangi ya chai ya maziwa. Chiriku akamgusa kwa ncha ya kidole, kidole kikabonyea ndani. Akanitazama, uso umempauka.

"Mama, ameoza."

Nikasogea nikajifanya natazama.

"Nilimtia maji mara moja tu," akasema. "Jumamosi ile. Kikombe cha kahawa. Labda kilikuwa kimejaa sana? Mama, labda nilijaza sana?"

Hapa ndipo ninapotaka unisikie kuliko mahali pengine pote. Mmea ni mmea. Kosa langu halikuwa mmea. Kosa langu ni kwamba mtoto aliniuliza, ananitazama machoni, na mimi nikamjibu:

"Labda ulizidisha, mwanangu. Huwa inatokea."

Akakubali. Mtoto anakubali anachoambiwa na mama yake. Hakulia. Akaanza kujisema mwenyewe pale dirishani, "Mimi siwezi kutunza kitu," kama mtu anayesoma alichoandikiwa. Siku tatu alikula nusu sahani. Nami siku hizo tatu nilishona sketi kumi na mbili, zote mshono umepinda, nikazifumua zote.

Jumamosi, shule zimefungwa, mdogo wangu akaja. Kwa simu Chiriku alikuwa amemweleza, akapanda basi la alfajiri. Alikuja na kisu kidogo, chupa ya spiriti na gazeti kuukuu.

"Daktari kafika!" msusi akaita kutoka barazani. "Mgonjwa yuko ndani. Na mke mwenzie naye hali yake siyo nzuri."

"Wewe suka, utamng'oa mtu sikio," mdogo wangu akamjibu. Kisha akaingia. "Shikamoo, dada."

"Marahaba." Sikumwangalia usoni.

Akatandaza gazeti juu ya meza yangu. Akambana Nungu kwa kitambaa, akamgusa chini, akatikisa kichwa. Akanyanyua kopo. Likawa zito. Nikaona nyusi zake zinapanda. Akalitikisa, maji yakasikika ndani, bwacha bwacha. Akalipindua aone chini.

Ile nta ilikuwa pale. Mabonge matatu, yamekaa vizuri kama vifungo. Na kwenye kila bonge, nyuzinyuzi za bluu zimenasa, uzi wa sare.

Mdogo wangu aliona. Nilimwona anaona. Wewe utadhani alinigeukia, akanisuta, akanivua nguo mbele ya mwanangu. Ningependa angefanya hivyo. Alichofanya, alizikwangua zile nta kwa kucha, haraka, akazifumbata kiganjani.

"Matundu yameziba," akasema. "Udongo ukigandamana huwa unafanya hivi. Siyo kosa la mtu."

Alinifichia! Mtu niliyemwonea wivu miezi yote ile alitaka kumeza nta yangu ili mimi nisiaibike. Niliona afadhali anipige kofi.

Lakini Chiriku ana macho.

"Fungua mkono," akamwambia.

"Ni udongo tu, Chiriku."

"Mama mdogo, fungua mkono."

Akafungua. Chiriku akachukua bonge moja, akalinusa. Tangu mdogo amekaa chini ya meza yangu akichezea nta ile, akitengeneza ng'ombe na kuku. Harufu yake anaijua kama anavyoijua harufu yangu.

"Hii ni nta ya Mama," akasema.

Barazani kitana cha msusi kilisimama. Nikakumbuka jibu langu nililolitayarisha: maji, kitambaa, mteja. Lilikuwa tayari ulimini. Nikamtazama mwanangu na lile bonge la nta kiganjani mwake, nikalimeza jibu.

"Ni mimi," nikasema. "Niliziba matundu. Nilimtia maji kila siku ukienda shule. Kikombe cha chai. Nilijua atakufa. Nilitaka afe."

"Kwa nini?"

"Unaongea naye. Na mimi huongei. Na nilikusikia kwenye simu unataka kuhamia kwa mama yako mdogo."

Hakulia, hakupiga kelele. Alisema jambo moja tu.

"Uliniambia ni mimi."

 

Mdogo wangu alifuta kisu kwa spiriti akaanza kukata, nadhani aliitafutia mikono yake kazi. Alikata kipande cha chini, akatazama: katikati duara la kahawia. Akakata kingine: duara dogo. Baada ya kila kipande anapangusa kisu. Cha nne kilitoka safi, cheupe na kijani kama tango. Kilichobaki cha Nungu kilikuwa kichwa tu, kama nusu ya ndimu.

"Dada," akasema bila kuinua macho, "unajua huyu alianzaje? Chiriku wiki za kwanza alikuwa anakaa mlangoni kwangu na begi lake, anasema Mama atakuja leo. Nikamkatia mtoto wa kakati langu. Nikamwambia, huyu naye katengwa na mama yake. Lazima kidonda kikauke kwanza, ndiyo aote mizizi. Ukimwonea huruma ukampa maji na kidonda kibichi, unamuua. Basi akawa anamwambia habari zako. Leo Mama kameza dawa. Leo Mama kakohoa kidogo."

"Na huku?" nikauliza. "Huku alikuwa anamwambia nini?"

Chiriku alikuwa anatazama sakafu. "Ya kukuambia wewe. Wewe ukishona unasema subiri. Nikikaribia unageuka." Akaongeza, "Nilidhani umezoea mimi kutokuwepo."

Nilitaka kupiga magoti. Sikupiga. Nilisimama tu na kibano mkononi, sijui nilikishika saa ngapi.

"Nataka kwenda na Mama mdogo," akasema.

"Muulize mama yako," mdogo wangu akamwambia. "Hata kwenye simu nilikujibu hivyo hivyo. Muulize mama yako."

Kumbe ndilo jibu ambalo sikulisikia.

"Nenda," nikasema. Neno fupi, lakini lilipita kifuani kama kikohozi cha mwaka ule. "Likizo ni wiki nne. Nenda."

Chiriku akaanza kumfunga Nungu kwenye gazeti. Mdogo wangu akamzuia: kidonda kibichi hakisafiri, kwenye basi atapondeka, ataoza upya. Abaki hapa.

"Hapa? Na nani?"

Sisi watatu tulilijua jibu. Chiriku akatoa daftari, akachana karatasi, akaandika akiwa amesimama. Akaibandika ukutani juu ya cherehani, kwa pini yangu mwenyewe. Iliandikwa hivi: Siku kumi alale kwenye gazeti, pakavu. Halafu awekwe juu ya mchanga mkavu, usimzike. Maji usitie. Maji usitie mpaka nirudi. Mama usimfanye chochote.

"Nikirudi nikikuta ameoza, nitajua," akasema.

Wakaondoka. Msusi alikuwa na utani mdomoni, akanitazama, akaumeza. Kwake hiyo ni siku ya kuandikwa.

Wiki nne zile nilijifunza kwamba kazi ngumu kuliko zote ni kutofanya kitu. Kidonda kilikauka, kikapata ngozi kama kigaga cha goti. Siku ya kumi na moja nikamkalisha mchangani. Lile kopo la njano nilikuwa nimelizibua matundu kwa msumari uliopashwa moto, nikalisugua, nikalianika jua. Halafu nikasubiri.

Akaanza kunywea. Kila siku anapungua. Akakunjamana, rangi ikafifia, akawa kama kisigino cha mtu wa kutembea. Nikaingiwa na hofu, na safari hii haikuwa wivu, ilikuwa hofu kweli: anakufa kwa kiu, na mtoto atajua ni mimi. Nikajikuta nimesimama dirishani na kikombe cha maji. Kile kile. Fikiria! Mara ya kwanza nilimpa maji ili afe, sasa nataka kumpa ili apone, na kwake yeye ni maji yale yale na kuoza kule kule. Nikasimama mpaka mkono ukafa ganzi. Nikayanywa mwenyewe.

Nikafanya jambo nililoapa sitalifanya. Nikampigia simu mdogo wangu kumwomba ushauri.

"Amenywea," nikasema.

"Mwache."

"Anakufa, mdogo wangu."

"Mwache, dada. Anatumia maji yake ya ndani kutafuta mizizi. Ndivyo anavyotakiwa."

Huko nyuma nikamsikia Chiriku anacheka. Kile kicheko. Nikauma mdomo, nikasema asante, nikakata.

Hospitali nilikwenda pia, nikarudia vipimo. Daktari aliyaangalia makaratasi, akaniangalia. "Mama, ulipona zamani. Unaogopa nini?" Nilirudi nyumbani nikaitoa ile sahani iliyotengwa, nikaichanganya na nyingine kabatini, nisiweze tena kujua ni ipi.

Chiriku alirudi Ijumaa, peke yake, begi mgongoni. Akasema shikamoo akiwa bado mlangoni, akanipita akaenda dirishani. Sikukasirika. Niseme kweli: nilikasirika kidogo.

Alimwinamia Nungu. Akamshika kwa vidole viwili, katikati ya miiba, akamvuta juu polepole. Nungu hakutoka. Mchanga wote ulijaribu kupanda naye.

"Ameshika," akasema kwa sauti ndogo. Kisha akakunja uso. "Hukumzungusha?"

"Kumzungusha?"

"Kila wiki unamgeuza kidogo. Ona, amelalia upande wa dirisha."

"Karatasi yako ilisema nisimfanye chochote!"

Akaitazama ile karatasi ukutani. Pembe moja ya mdomo wake ikacheza. Akamgeuza Nungu robo, akajipangusa mikono, akasimama mbele ya cherehani changu na kuvuta pindo la sketi yake ya shule. Ilikuwa imepita magoti kwenda juu.

"Imekuwa fupi," akasema. "Shule zinafunguliwa Jumatatu."

"Shule ipi?" nikauliza. Ilibidi niulize.

"Ya hapa. Kwani kuna nyingine unaishonea sketi za bluu?"

Nikatoa mguu kwenye kanyagio. Nikachukua futi, nikapiga goti mbele yake, nikamzungushia kiunoni, mikono yangu yote miwili. Hakurudi nyuma, na mimi sikugeuza uso. Nikaanza kupiga pini kwenye pindo, nyingine nimezibana midomoni kama sisi mafundi tunavyofanya.

"Haya, sema," nikamwambia kwa pembe ya mdomo.

"Niseme nini?"

"Chochote. Ambacho ungemwambia yule."

"Ni ndefu."

"Sare zitasubiri."

Akaanza. Mama mdogo amepata miche ya waridi. Mama mdogo alianguka kwenye tope la kitalu akacheka mpaka akalia. Mama mdogo anapika hivi, Mama mdogo anaimba hivi, Mama mdogo amesema. Katika maneno mia, tisini yalikuwa ya Mama mdogo, na kila moja lilinichoma, mama mwenzangu, sitakudanganya kwamba wivu uliisha. Lakini nilikuwa na pini sita mdomoni, na mwanangu alikuwa anasema, na nilijua nikifungua mdomo zitamwangukia miguuni. Nikazibana. Nikapiga pindo, nikasikiliza mpaka mwisho.